Sauti za Ndugu: Wana wa Kinyonga na Muziki wa Soul Uliokatazwa

Mwezi wa Novemba 1969 Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, alitoa amri ya kuukataza muziki wa soul usipigwe katika kumbi za dansi za Dar es Salaam, mji ambao wakati ule ulikuwa bado sehemu ya mkoa wake. Mwezi mmoja kabla ya hapo kampuni ya Motown huko Marekani ilikuwa imetoa santuri yake ya kwanza ya ndugu watano wa ukoo wa Jackson, vijana wa mji wa Gary katika jimbo la Indiana. Santuri hiyo, "I Want You Back", ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za nchi hiyo Januari 1970. Nayaweka matukio haya mawili pamoja si kwa kuwa moja lilileta jingine, bali kwa kuwa yanatufikisha kwenye swali ambalo sisi tunaohakiki nyimbo za Kiswahili hatujalishika inavyopasa. Dar es Salaam ilijaa bendi, kutoka Mnazi Mmoja hadi Kariakoo na ukingo wa bonde la Jangwani. Kwa nini basi mji huu hautajwi kwa kundi la waimbaji walio ndugu wa damu? Na kwa nini kundi la namna hiyo lililozaliwa katika nchi yetu lilikwenda kukomaa Mombasa na Nairobi?

Kundi ninalolikusudia ni Simba Wanyika, la Wilson Kinyonga na George Kinyonga, wana wa Tanga. Najua msomaji atanikatiza hapa na kusema kwamba Simba Wanyika ni watu wa rumba, wala hawahusiani na soul. Kwa upande mmoja asema kweli. Ukiyatazama magitaa yao, na mapigo ya ngoma zao, utaiona Kinshasa karibu zaidi kuliko Detroit. Lakini soul yenyewe yaweza kutazamwa kwa njia mbili. Yaweza kutazamwa kama mtindo wa ala, nguo na nywele. Na ndivyo walivyoitazama wakubwa wa 1969. Yaweza pia kutazamwa kama namna ya kuimba iliyotoka kanisani na nyumbani, ambayo jambo lake kubwa ni sauti za watu waliolelewa chini ya paa moja, wanaojuana pumzi. Mzee Roebuck Staples wa Chicago aliimba na watoto wake makanisani kwa miaka mingi kabla hawajaingia kampuni ya Stax mwaka 1968. Na walipoimba nyimbo za dunia waliziimba kwa koo zile zile za kanisani. Kwa njia hii ya pili wana wa Kinyonga ni jamaa wa karibu wa soul kuliko vijana wengi wa Dar es Salaam waliofuga nywele na kuiga miguu ya James Brown.

Yafaa kwanza tuipime amri yenyewe, maana imezoeleka kusimuliwa kama kichekesho, na kichekesho si hoja. Mwaka 1969 ulianza kwa Operesheni Vijana, kampeni ya Umoja wa Vijana wa TANU dhidi ya sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kumbi za soul zilihesabiwa kuwa ndizo shule ya mambo hayo yote. Wapo waliojibu magazetini kwamba muziki huu ni wa watu weusi wenzetu, wana wa Afrika waliochukuliwa utumwani, na kwamba kuukataza ni kumfukuza ndugu mlangoni. Jibu hili lilikuwa na uzito wake katika mji uliompokea Malcolm X mwaka 1964. Hata hivyo, katika mabishano yale yote, ya wakatazaji na ya watetezi, jambo moja halipewi nafasi yake: wimbo. Watu wanabishana juu ya mavazi ya msikilizaji na rangi ya mwimbaji. Ni wachache mno wanaouliza sauti inafanya kazi gani, na maneno yanasema nini.

Sasa tukumbuke hotuba ya Rais Nyerere ya Desemba 1962, aliyoitoa alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba vijana wetu walijivuna kwa kujua rumba, chacha na twist, hali hawajapata hata kuzisikia Gombe Sugu na Lele Mama. Katika hotuba ile rumba imewekwa wazi upande wa mambo ya kigeni. Lakini miaka saba baadaye rumba haimo kizimbani. Bendi ya chama cha wafanyakazi, NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapiga rumba hiyo hiyo na kuitumia kueleza siasa ya nchi, wala hapana anayeiuliza pasipoti. Imekuwaje? Jibu langu ni kwamba rumba ilipewa maneno ya Kiswahili. Watu walipoanza kuisikia ikizungumza habari za wifi, za mshahara, za kijana aliyekimbia shamba, waliisahau asili yake. Soul haikupata bahati hiyo. Ilibaki Kiingereza, na vijana wa Dar es Salaam walioiimba waliiimba kwa kukariri. Kwa hiyo serikali ya mkoa, ijapokuwa haikulisema hivyo, ilihukumu lugha. Kama mshtakiwa ni lugha, basi adhabu ilikosea njia: mgeni asiyejua lugha hufundishwa, naye akishafundishwa ndipo tunapoweza kujua kama ana la kusema.

Wala katazo halikuua kitu. Kundi la Sunburst lilizaliwa katika mji huu huu mwanzoni mwa miaka ya 1970, likichanganya soul na mengine mengi, na mwaka 1976 likatoa santuri ndefu iitwayo "Ave Africa", iliyorekodiwa Zambia. Patrick Balisidya na Afro 70 yake walibeba enzi ile katika jina lenyewe la bendi. Lakini hawa walikuwa marafiki na waajiriwa. Hawakuwa ukoo.

Hapa tunafika kwenye sababu ya pili, ambayo naiona ni kubwa kuliko amri ya mkuu wa mkoa. Bendi za Dar es Salaam zilikuwa na undugu wao, ila haukuwa wa damu. Tazama majina. Western Jazz ilikuwa nyumba ya watu wa Jimbo la Magharibi waliokuja mjini. Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande ilijulikana kwa Kilwa yake. Palikuwa na Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Mtu aliyeshuka Kariakoo hana jamaa aliwakuta watu wa kwao katika klabu ya muziki, wakamzika alipofariki na kumchezea alipooa. Baada ya uhuru, na zaidi baada ya Azimio la Arusha la 1967, undugu wa mkoa ulipisha undugu wa mwajiri. Bendi ikawa ya chama cha wafanyakazi, ya kiwanda cha Urafiki, ya jeshi, ya polisi, ya vijana wa chama. Mwanamuziki alipata mshahara na vyombo vya bendi, na pengine hata cheo. Mpango huu ulitupa muziki mwingi mzuri, nami si katika wale wanaoubeza. Lakini katika mpango huo kaka na mdogo wake wanaoimba pamoja hawana mahali pao. Mmoja aweza kuajiriwa na jeshi, mwingine na kiwanda. Ajabu ni kwamba siasa yenyewe iliitwa Ujamaa, neno lililochukuliwa kutoka nyumbani, na taifa zima likaambiwa ni jamaa moja. Jamaa kubwa ikaimeza ndogo.

Tanga ilikuwa na desturi tofauti kidogo. Mji ule wa mkonge na reli ulikuwa na Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na upande wa taarabu ulikuwa na Black Star na Lucky Star. Kwa ukubwa wake ulikuwa mji wa waimbaji kuliko hata Dar es Salaam. Wana wa Kinyonga waliingia Jamhuri Jazz katika mwaka 1966. Mwaka 1970 walihamia Arusha, na huko, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka 1971 wakavuka mpaka kwenda Kenya. Mombasa iliwapokea kwanza, kisha Nairobi. Na jina likawa Simba Wanyika, simba wa nyika, jina ambalo mtu wa pwani hulielewa mara moja, kwa kuwa nyika ni ile nchi iliyo nyuma ya mgongo wake.

Kwa nini walivuka? Wengine hupenda kueleza kila safari ya msanii kwa siasa, lakini hapa fedha na mashine zatosha. Nairobi ilikuwa na makampuni ya santuri na mitambo ya kuzichapa. Dar es Salaam ilikuwa na Radio Tanzania, iliyorekodi bendi kwa kanda za redio na kuzirusha hewani. Wimbo ukapendwa nchi nzima, na mwenye wimbo akabaki na sifa. Bendi yenye mwajiri iliweza kuishi hivyo, kwa kuwa mshahara ulitoka mahali pengine. Bendi ya ndugu, ambayo haina mwajiri ila yenyewe, sharti iuze kitu; na kitu cha kuuzwa kilikuwa santuri. Mwaka 1973 Radio Tanzania iliacha kupiga muziki wa kigeni. Msomaji na ajiulize mwenyewe kama wimbo wa Kiswahili ulioimbwa na Watanga ukachapwa Nairobi ni wa kigeni au wa nyumbani.

Basi tuusikilize uimbaji wenyewe, maana ndio sababu ya makala haya.

Kiswahili ni lugha ya silabi wazi. Ukiondoa ile "m" na "n" zinazosimama peke yake, na maneno ya kukopa, kila silabi yetu huishia katika irabu. Katika kusema kwa kawaida jambo hili halionekani. Katika kuimba kwa sauti mbili ndilo kila kitu. Mwimbaji wa Kiingereza aweza kuifunga sauti yake kwa konsonanti, na tofauti ya sauti yake na ya mwenziwe ikafichwa na mlango ule uliofungwa. Mwimbaji wa Kiswahili hana mlango wa kujifichia. Neno lake huishia kinywa kikiwa wazi, na akilivuta, irabu yake hubaki uchi mbele ya irabu ya mwenziwe. Waimbaji wawili wa asili mbalimbali, mmoja wa Tabora na mmoja wa Lamu, wakivuta "a" moja, sikio lasikia "a" mbili. Ndugu waliojifunzia kusema katika nyumba moja huvuta "a" moja. Na kwa kuwa ushairi wetu huweka kina mwishoni mwa kipande, papo hapo irabu inapovutwa, kina katika vinywa vyao huwa jambo la sauti kamili: hukisikii tu kikirudi, bali wasikia kikikaa.

Nimewasikizisha wanafunzi wangu nyimbo za Simba Wanyika bila ya kuwaambia ni za nani, nikawauliza wanasikia waimbaji wangapi. Darasa liligawanyika. Wengine waliapa ni mtu mmoja aliyerekodiwa mara mbili. Nilipowachezea kwa kulinganisha kiitikio cha mojawapo ya bendi kubwa za Dar es Salaam, hapana aliyekosea: wote walisikia kundi la watu, wanaume wa sauti mbalimbali wanaosema jambo moja. Sisemi kwamba namna moja ni bora kuliko nyingine. Kiitikio cha NUTA Jazz ni baraza. Wazee wameketi, neno limepita, wote wameliafiki. Kiitikio cha wana wa Kinyonga ni chumba. Sauti ya pili hukaa juu kidogo ya ya kwanza na kwenda nayo sambamba, bila ya kuikimbiza wala kuisubiri, mfano wa watu wawili wanaotembea njia waliyoizoea usiku. Ndiyo maana nyimbo zao za malalamiko hazichoshi haraka. Mtu mmoja akilalamika twamhurumia mara ya kwanza, na mara ya pili twamwambia anyamaze. Wawili wakilalamika kwa sauti moja, malalamiko hugeuka kuwa kitu kingine, karibu na sala, na hapa ndipo nionapo ule ujamaa na soul nilioutaja.

Kasoro yao iko katika maneno. Mbaraka Mwinshehe, ambaye naye alivuka mpaka na kufa kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, aliweza kujenga kisa ndani ya wimbo mmoja, kikawa na mwanzo, fundo na hukumu. Wana wa Kinyonga, katika nyimbo zao nyingi za mahaba, huridhika na hali moja: mpenzi amebadilika, moyo umeumia, rudi. Methali huingizwa kama viraka. Ukiyaandika maneno yao ubaoni bila ya sauti, wanafunzi hupiga miayo, nami siwalaumu. Lakini huu ni ushahidi wa hoja yangu, kwa kuwa waonyesha nguvu ya nyimbo hizo ilikokaa. Ni kasoro ile ile ya soul: nayo ukiinyang'anya koo, hubaki maneno machache ya kubembeleza.

Mnamo mwishoni mwa 1978 bendi ilipasuka. Omar Shabani wa gitaa la ridhimu, Tom Malanga wa besi, mwimbaji Issa Juma na wenzao waliondoka, wakaunda Les Wanyika, na John Ngereza akajiunga nao. Mwaka uliofuata walitoa "Sina Makosa", wimbo ambao umesafiri Afrika Mashariki nzima kuliko pengine wimbo wowote wa wana wa Kinyonga wenyewe. Baadaye Issa Juma naye akaunda Wanyika yake, Super Wanyika. George mwenyewe alianzisha Jobiso mwaka 1980, ijapokuwa hakukata kamba na nduguye. (Wimbo wa "Sina Makosa" wahusu mtu anayemkana mwenye hasira juu ya mwanamke. Msikilizaji mtundu aweza kusikia humo jibu kwa mabwana waliotoka kuachwa. Mimi sisemi hivyo, ila sikio halina kizuizi.)

Tuutazame mpasuko huu kwa makini. Waliobaki ni ndugu, na walioondoka si ndugu. Bendi ya ukoo ina siri hii mbaya: undugu uleule unaozifanya sauti mbili ziwe moja humfanya mpiga besi kuwa mgeni katika nyumba anayoishi. Katika bendi ya kiwanda wote ni waajiriwa, na chuki huelekezwa kwa meneja. Katika bendi ya ukoo mwajiri ndiye mwimbaji mwenzako, na nduguye ndiye shahidi wake. Shabani na Malanga walikuwa nguzo za mlio ule. Gitaa la ridhimu la Wanyika ndilo lililowapa waimbaji zulia la kutembelea. Lakini hawakuwa na irabu ya nyumbani.

Linganisha na ukoo wa Jackson. Walipoiacha Motown mwaka 1975 na kwenda kampuni ya Epic, walilazimika kuliacha jina la Jackson 5 nyuma yao, kwa kuwa kampuni ililidai kuwa lake. Wakawa The Jacksons. Jermaine, aliyekuwa amemwoa binti wa Berry Gordy, mwenye Motown, alibaki na mkwewe, na mdogo wao Randy akaingia mahali pake. Huko mfanyabiashara aliwanyang'anya ndugu jina, naye ukwe ukaupasua undugu. Nairobi ilikuwa kinyume chake: jina walilichukua wasio ndugu. Jina la Kinyonga halikuchukuliwa na mtu, kwa kuwa halikuwa juu ya santuri kama jina la Jackson lilivyokuwa. Lililokuwa juu ni Wanyika, jina la mahali na watu, na jina la namna hiyo kila mtu aweza kudai sehemu yake. Nafikiri walipolichagua walifikiri kipwani na kibara, kama wale wa Kilwa Jazz na Western Jazz: jina la bendi liwe jina la kwao. Ndugu hawa waliotoroka desturi ya Dar es Salaam kwa sauti, waliichukua desturi hiyo katika jina, na jina ndilo lililowaponyoka.

Sipendi kuiacha Kenya ionekane pepo. Mwaka 1980 Sauti ya Kenya nayo ilijaribu kwa siku chache kujaza vipindi vyake muziki wa Kenya, kisha ikaacha. Na Mtanzania aliyepiga gitaa Nairobi hakusahaulishwa kwamba ni mgeni. Hata hivyo ni huko, katika nchi isiyowaita jamaa, walikoweza kuimba kama jamaa kwa zaidi ya miaka 20. Dar es Salaam iliwapata kwa kanda na redio, na hapana ukumbi wa Kariakoo ambao nyimbo zao au za waliowaacha hazikupigwa.

Mwaka 1992 ilitoka "Pepea", ya mwisho kubwa katika kazi zao, iliyotolewa Ulaya na kurekodiwa kwa usafi ambao studio za Nairobi za miaka ya 1970 hazikuujua. Wapo wanaoiona dhaifu, wakisema usafi umeondoa joto. Mimi naiona ndiyo inayofaa zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu sauti mbili zimetengwa vya kutosha hata sikio likaweza kuishika moja na kuifuata peke yake, likaona jinsi isivyotosha. George alifariki mwishoni mwa mwaka huo huo. Wilson alimfuata mwaka 1995, na Simba Wanyika ikavunjika. Les Wanyika waliendelea kupiga katika kumbi za Nairobi.